Uzi: Una ploti sita tu za mbolea, uzipange vipi? Regresheni ya mstari kwa njia ya Bayes, na hesabu inayofanyika kabla ya kupanda

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, kila msimu unapokaribia swali hili hurudi: mtu amepewa ploti chache katika shamba la mkulima, anataka kujua kilo moja ya naitrojeni inaongeza kilo ngapi za mahindi, naye hajui azigawe vipi ploti hizo. Kwa kawaida hujibiwa aweke viwango vitano au sita vya mbolea na kurudia kila kiwango mara tatu au nne. Jibu hilo linakifaa kituo cha utafiti chenye ardhi ya kutosha, lakini halimsaidii mwenye ploti sita. Nataka kuonyesha kwamba swali lake lina jibu la hesabu, kwamba jibu hilo hupatikana kabla mbegu haijaingia ardhini, na kwamba njia ya Bayes, ya kuanza na imani iliyoandikwa kisha kuisahihisha kwa data, hulitoa waziwazi kwa sababu humlazimu mtafiti aandike anachokijua kabla hajaanza kupima.

Tuchukue mfano mwepesi kuliko yote. Mavuno ya ploti, kwa kilo za mahindi kwa hekta, ni kianzio a, jumlisha mwinamo b mara kilo za naitrojeni x, kisha kuna kelele ya shamba: rutuba isiyolingana, mchwa, maji yaliyotuama upande mmoja, makosa ya mizani. Kianzio ni mavuno ya ploti isiyopata naitrojeni kabisa, na mwinamo ndio tunaoutafuta. Kelele nimeipa mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) wa kilo 600, kiasi ambacho mtu aliyewahi kupima mavuno kwenye mashamba ya wakulima hatakiona kikubwa. Naitrojeni tunaweza kuiweka popote kati ya kilo 0 na 120 kwa hekta. Kwa wanaohesabu kwa mifuko, urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unabeba kilo 23, na kiwango cha 120 ni mifuko mitano na kidogo.

Sasa tuandike tunachokijua kabla ya msimu. Kuhusu kianzio, tuseme mavuno bila mbolea katika eneo hilo huzunguka kilo 1,500 kwa hekta, na mkengeuko sanifu wa 500. Kuhusu mwinamo, tuseme 15, na mkengeuko sanifu wa 8, yaani tunaamini kwa takriban theluthi mbili kwamba kilo moja ya naitrojeni inaleta kilo kati ya 7 na 23 za mahindi, na tumeacha takriban asilimia 3 kwa uwezekano kwamba mbolea haisaidii au inadhuru. Huu ndio mgawanyo wa awali. Si lazima mtu akubaliane na tarakimu zangu, kwa kuwa ni za mfano, lakini ni lazima aweze kuzisoma na kuzipinga.

Kabla ya kuendelea ni vizuri kuujaribu mgawanyo huo kwa kuuliza unatabiri nini. Kwa kilo 120 za naitrojeni unatabiri wastani wa mavuno ya kilo 3,300, na kwa uwezekano wa asilimia 95 wastani huo uko kati ya kilo 1,100 na 5,500 hivi. Mkulima akiyasikia hayo hatashangaa. Linganisheni na desturi ya kuweka mgawanyo mpana sana kwa nia ya kutopendelea upande wowote, kwa mfano mkengeuko sanifu wa 1,000 kwenye mwinamo. Mgawanyo huo unasema kwamba mavuno ya tani 120 kwa hekta hayashangazi, wala hasara ya tani 120 kwa hekta haishangazi. Mtafiti aliyeuandika anaamini kwamba hakusema lolote, kumbe amesema jambo ambalo hakuna shamba duniani linaloweza kulithibitisha.

Kelele ikiwa ya kawaida, yaani ya Gauss, na ukubwa wake ukijulikana, kanuni ya Bayes inatupa matriksi (jedwali la namba) ya varianzi, yaani mikengeuko sanifu ikipigwa mraba, ya a na b baada ya mavuno hivi:

V = (X′X/σ² + V₀⁻¹)⁻¹

X ni jedwali la viwango vya mbolea tulivyovichagua, X′ ni jedwali hilo likigeuzwa safu kuwa mistari, σ ni kelele, na V₀ ni varianzi za mgawanyo wa awali. Naomba kila msomaji aitazame kanuni hiyo kwa utulivu, kwa kuwa uzi wote umesimama juu yake: mavuno hayamo. Hakuna y, yaani mavuno yaliyopimwa, mahali popote. Mavuno yataamua wapi makadirio ya mwinamo yatatua, lakini upana wa kutokuwa na hakika kwetu umeshaamuliwa na viwango tulivyopanga, kelele ya shamba na tulichokijua awali. Kwa maana hiyo mipango miwili inaweza kushindanishwa mezani, kwa jedwali la kompyuta, miezi kabla ya mvua.

Tuishindanishe. Mpango wa kwanza unaweka ploti tatu kwenye 0 na tatu kwenye 120. Mpango wa pili unasambaza ploti sita sawasawa: 0, 24, 48, 72, 96, 120. Mpango wa tatu, ambao huonekana sana kwa watu wanaoogopa kumpa mkulima ploti isiyo na mbolea, unaweka mbili kwenye 40, mbili kwenye 60 na mbili kwenye 80. Wastani wa mbolea ni 60 katika mipango yote mitatu, na ploti ni zile zile sita. Baada ya mavuno, mkengeuko sanifu wa mwinamo utakuwa 3.4 kwa mpango wa kwanza, 4.3 kwa wa pili na 5.6 kwa wa tatu, ikikumbukwa kwamba tulianza na 8. Mtu asiyetumia mgawanyo wa awali, anayetegemea mbinu ya miraba midogo kabisa (kuchagua mstari ambao jumla ya miraba ya makosa yake ni ndogo kuliko yote) peke yake, atapata 4.1, 6.0 na 15.0. Katika mpango wa tatu, basi, ploti sita na msimu mzima wa palizi vinamwachia kutokuwa na hakika kwa 15, karibu mara mbili ya kule tulikokuwa nako kabla hata ya kulima. Sioni namna ya kuutetea mpango wa aina hiyo mbele ya mkulima aliyetoa ardhi yake.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu mleta uzi, nimefuatilia hesabu na nimezirudia, zinatoka. Wasiwasi wangu ni ule ambao mhakiki yeyote atauleta. Umeweka 15 kwenye mwinamo tangu mwanzo, halafu utaripoti mwinamo ulio karibu na 15. Je, mtu hatasema umejipikia jibu mwenyewe? Na tukisema tutumie mgawanyo usioelemea popote, si tunarudi kwenye miraba midogo kabisa, na hakuna tulichoongeza?

Mleta uzi

Asante ndugu, nitajibu kwa tarakimu. Tuseme tumepanda kwa mpango wa kwanza, tukavuna wastani wa kilo 1,800 kwenye ploti zisizo na naitrojeni na kilo 3,000 kwenye zile za 120. Miraba midogo kabisa itasema mwinamo ni 10, na mkengeuko sanifu wa 4.1. Njia ya Bayes itasema mwinamo ni 11.6, na mkengeuko sanifu wa 3.4, na kianzio kitasogea kutoka 1,800 ya data hadi karibu 1,670. Makadirio yamevutwa kuelekea tulichokijua, lakini hayakufika 15. Kiasi cha mvuto kinapimika: kinategemea uzito wa taarifa ya ploti sita ukilinganishwa na uzito wa mgawanyo wa awali. Tungekuwa na ploti sitini, mvuto huo usingeonekana kwa macho.

Mhakiki apewe mambo matatu pamoja: mgawanyo wa awali, makadirio ya data peke yake, na mgawanyo wa baadaye, yaani tunachoamini baada ya kuunganisha hivyo viwili. Kisha aoneshwe matokeo yakihesabiwa upya kwa migawanyo mingine miwili au mitatu ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuiandika. Jibu likigeuka sana, basi ploti zilikuwa chache mno kwa swali lililoulizwa, na ripoti iseme hivyo. Kujipikia jibu ni kuuficha mgawanyo wa awali, au kuuchagua baada ya kuyaona mavuno, na dawa yake ni kuuandika na kuutia tarehe kabla ya kupanda.

Kuhusu kurudi kwenye miraba midogo kabisa, uko sahihi, na historia iko upande wako. Legendre aliichapisha mbinu hiyo mwaka 1805 bila hoja ya uwezekano. Gauss alipoichapisha mwaka 1809 katika kazi yake ya mizunguko ya sayari, aliitetea kwa kudhani kwamba kabla ya kipimo kila thamani ya kigezo (namba isiyojulikana kama a au b) ina nafasi sawa, yaani kwa hoja ambayo leo tungeiita ya Bayes yenye mgawanyo bapa. Kwa hiyo mbinu tunayoiona haina imani yoyote ndani yake iliwahi kutetewa kwa imani ya aina fulani, tena kwa imani ambayo mkulima wa mahindi hana sababu ya kuishiriki.

Niongeze jambo moja kwa wanaotumia mbinu ya ridge, yaani regresheni inayotoza adhabu vigezo vikubwa, iliyoenezwa na Hoerl na Kennard mwaka 1970. Adhabu wanayoitoza miraba ya vigezo ni mgawanyo wa Gauss wenye kitovu kwenye sifuri, na ukubwa wa adhabu ni varianzi ya kelele ikigawanywa kwa varianzi ya awali. Kwa mfano wetu ni 360,000 kwa 64, yaani 5,625. Tofauti ni kwamba wao huvuta kuelekea sifuri na huchagua adhabu kwa kujaribu data zenyewe, ambapo sisi tunavuta kuelekea 15 kwa sababu tunayoweza kuitaja.

Na mwisho wa yote mkulima hataki mkengeuko sanifu, anataka kujua anunue au asinunue. Tuseme kilo moja ya naitrojeni, ikifika shambani, inagharimu sawa na kilo 8 za mahindi kwa bei ya wakati wa mavuno. Kwa mgawanyo wa baadaye wa 11.6 na 3.4, uwezekano kwamba mbolea inarudisha gharama yake ni takriban asilimia 85. Kwa data peke yake, yaani kwa mgawanyo bapa, ungekuwa takriban asilimia 69. Sentensi ya namna hiyo, yenye uwezekano wa jambo lenyewe analoliuliza mtu, hatuwezi kuisema kwa halali bila mgawanyo wa awali. Thamani ya p, yaani uwezekano wa kuona data za namna hii kama mbolea isingekuwa na athari, hujibu swali jingine kabisa, na nimeshaona mara nyingi ikisomwa kana kwamba inajibu hili.

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa udongo na mazao, na nina mambo mawili. La kwanza ni la shambani. Watu husema ploti ni ya sifuri, kumbe wameipandia DAP. Mbolea hiyo ya kupandia ina naitrojeni asilimia 18 pamoja na fosfati asilimia 46, kwa hiyo kila mfuko wa kilo 50 umeingiza kilo 9 za naitrojeni kabla ya urea ya kukuzia. Kama mnataka sifuri ya kweli na fosforasi ilingane kila ploti, pandieni TSP, mbolea ya fosfati ambayo haina naitrojeni. Mstari wa regresheni hauwezi kujua kwamba sifuri yenu ni 9 au 18.

La pili ni kubwa zaidi. Mahindi hayafuati mstari. Mitscherlich, mwanasayansi wa udongo wa Ujerumani, alishaandika mwaka 1909 kwamba kila nyongeza ya kirutubisho huleta ongezeko dogo kuliko iliyotangulia, na yeyote aliyepima viwango vya juu ameliona hilo. Mpango wako wa kwanza, ulioushangilia, una ncha mbili tu. Kama mavuno yanapanda haraka hadi 60 kisha yanatulia, mpango huo hautaona chochote, na mwinamo wa 11.6 utakuwa wastani wa sehemu yenye faida kubwa na sehemu ya hasara. Mkulima atashauriwa anunue mifuko mitano wakati miwili na nusu ingemtosha.

Mleta uzi

La DAP nalichukua lilivyo, na ninaomba kila atakayenakili mfano huu aambatanishe na onyo hilo. Viwango vya x tunavichukulia kana kwamba havina kosa, na hapo ndipo wengi huumia.

La pili ni kiini cha upangaji wa majaribio, na nalijibu kwa kirefu. Hesabu ya kupanga hujibu swali ililopewa tu. Ukiiambia kwamba dunia ni mstari, itakuambia uende kwenye ncha, na ni kweli kwamba kwa mstari hakuna mpango unaoshinda ncha. Hili limejulikana tangu siku za Kirstine Smith, mtakwimu wa Denmark aliyechapisha mwaka 1918 mipango bora ya regresheni za polinomia (mikunjo yenye x, x² na kuendelea), na kwa kila daraja la polinomia idadi ya vituo vinavyohitajika huongezeka kwa kimoja: viwili kwa mstari, vitatu kwa mkunjo wa daraja la pili. Kwa hiyo idadi ya viwango vya mbolea haitoki kwenye desturi ya idara, inatoka kwenye umbo tunalolishuku.

Mwaka 1994 DuMouchel na Jones walitoa njia ninayoiona ya busara kuliko kuchagua moja kati ya mstari na mkunjo. Vigezo vinagawanywa makundi mawili: vile tunavyoamini vipo, ambavyo hupewa mgawanyo mpana, na vile ambavyo huenda vipo, ambavyo hupewa mgawanyo wenye kitovu kwenye sifuri na upana wa kiasi. Kigezo cha mkunjo huingia kundi la pili. Mpango bora unapohesabiwa, ploti kadhaa huhamia katikati zenyewe, kwa kadiri ya shaka tuliyoiandika.

Bei ya uhamisho huo ni ndogo. Tukiweka ploti mbili kwenye 0, mbili kwenye 60 na mbili kwenye 120, mkengeuko sanifu wa mwinamo katika mfano wa mstari unapanda kutoka 3.4 hadi 3.9. Kwa bei hiyo tunanunua uwezo wa kuona kama mstari umejikunja, uwezo ambao mpango wa ncha mbili hauna hata kidogo, uwe na ploti sita au mia sita. Mimi ningelipa. Kwa mahindi na viwango vya hadi 120, ningependekeza mpango wa 2-2-2 kwa mtu yeyote, na ule wa 3-3 ningeuacha kwa viwango vya chini, tuseme hadi 40, ambako mstari ni makadirio ya kuridhisha.

Kwa umbo la Mitscherlich lenyewe mambo hubadilika, kwa kuwa vigezo vimeingia ndani ya kipeo na ile sifa ya y kutokuwamo inatoweka. Mpango bora sasa unategemea vigezo vile vile tunavyovitafuta. Hapa mgawanyo wa awali ndio unaotutoa kwenye mzunguko: unachota thamani nyingi za vigezo kutoka humo, unapima ubora wa kila mpango kwa kila thamani, kisha unachukua wastani. Msingi wa kufanya hivyo uliwekwa na Lindley mwaka 1956, alipopendekeza kuupima mpango kwa wastani wa taarifa utakayoleta, kwa kipimo cha taarifa ambacho Shannon alikitoa mwaka 1948. Kwa regresheni ya mstari yenye kelele ya Gauss, kipimo cha Lindley hugeuka kuwa kukuza kadiri iwezekanavyo determinanti (namba moja inayofupisha ukubwa) ya matriksi ya usahihi, yaani kinyume cha V yetu, na ndiyo maana wahandisi waliofika hapo kwa njia nyingine hupata mipango inayofanana.

Niseme pia hatari ambayo haijaguswa. Kwa mgawanyo wa awali niliouandika, mpango wa ploti mbili kwenye 0 na nne kwenye 120 unaushinda kidogo ule wa tatu kwa tatu: 3.34 dhidi ya 3.39. Sababu ni kwamba tunajua kitu kuhusu kianzio, hivyo hatuhitaji kukipima sana. Sasa mtu mwenye kujiamini aseme kianzio anakijua kwa mkengeuko sanifu wa 200 badala ya 500. Hesabu itamwambia aweke ploti zote sita kwenye 120, asiwe na ploti ya sifuri hata moja, na itamwahidi 2.5. Hesabu haijakosea. Kosa liko kwenye 200. Kianzio hubadilika na mvua, na msimu mbaya unaweza kukishusha kwa kilo 700 bila kumwuliza mtu. Mwenye mpango wa ploti zote 120 atausoma ukame kama udhaifu wa mbolea. Kwa hiyo kila anapotaka kubana mgawanyo wa kianzio, ajiulize kama anachokijua ni wastani wa miaka mingi au ni mavuno ya mwaka huu, kwa maana jaribio linahusu mwaka huu.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, naomba kuuliza kuhusu kura. Tumefundishwa kwamba ploti zigawiwe mbolea kwa bahati nasibu, na mwalimu wa mambo hayo ni Fisher wa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza, ambaye hakuikubali njia ya Bayes. Katika kanuni yako ya V sioni kura ikiingia popote. Je, anayefuata Bayes anaruhusiwa kuchagua mwenyewe ploti ipi ipate nini? Pia, 600 ya kelele umeitoa wapi? Nisipoijua?

Mleta uzi

Fisher aliingia Rothamsted mwaka 1919, kituo ambacho shamba lake la ngano la Broadbalk limekuwa likipandwa kwa majaribio tangu 1843, na hoja zake za kura na za kugawa shamba katika makundi ya ploti zinazofanana zilitokana na kuona jinsi udongo unavyobadilika hatua kwa hatua. Kuhusu uwezekano wa kinyume, jina la zamani la njia ya Bayes, alikuwa mpinzani mkali kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Kuhusu kura alikuwa sahihi, na kwa Bayes pia ni sahihi.

Ni kweli kura haimo ndani ya V, kwa sababu V inadhani kelele za ploti hazihusiani na mbolea. Dhana hiyo inatoka wapi? Shamba likiwa na mteremko, na mtafiti akaweka 120 bondeni kwa kuwa ni rahisi kufika, udongo wenye unyevu na rutuba utajiandikisha kama mbolea. Tunaweza kuongeza kigezo cha mteremko katika regresheni, lakini tutaongeza vile tu tulivyoviona. Kura ndiyo inayotupa haki ya kuviacha tusivyoviona nje ya kanuni. Kwa ploti sita zenye viwango vitatu ningetenga makundi mawili, moja juu na moja chini ya mteremko, kila kundi lipate 0, 60 na 120, na ndani ya kundi kura ipigwe hadharani, mkulima mwenyewe akiokota karatasi. Mkulima akishika kura kwa mkono wake, hata maelezo ya kwa nini ploti moja haikupata mbolea huwa mepesi.

Kelele usipoijua, ipe mgawanyo wa awali nayo. Majaribio yaliyopita katika mazingira kama hayo yatakuambia kama inazunguka 400 au 900. Usipokuwa na taarifa yoyote, makadirio hufuata mgawanyo wa t, wenye mikia mipana kuliko wa Gauss, na hapo uchache wa ploti unauma: regresheni ya mstari kwenye ploti sita inabaki na digrii nne za uhuru (ploti sita kutoa vigezo viwili), kwa hiyo kizidishio cha asilimia 95 ni 2.78 badala ya 1.96. Taarifa kidogo kuhusu kelele inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko taarifa kuhusu mwinamo, na watu wengi hawaiandiki.

Mchangiaji wa nne

Nashukuru kwa uzi huu. Hali yangu ni tofauti kidogo na nataka ushauri kabla ya kupanga safari. Ploti zangu ni sita hizo hizo, lakini nina vijiji vitatu vilivyokubali. Nikiweka zote kijiji kimoja nitaokoa nauli na usimamizi utakuwa rahisi. Nikizigawa, kila kijiji kitapata mbili tu. Kwa mtazamo wa Bayes, kipi bora?

Mleta uzi

Inategemea unataka kusema nini mwishoni. Ukitaka kusema kuhusu kijiji hicho kimoja, kaa hapo. Ukitaka kusema kuhusu eneo lote, mwinamo wa kijiji kimoja ni sampuli ya moja kutoka minamo ya vijiji vyote, na kuongeza ploti hapo hapo hakupunguzi tofauti kati ya vijiji.

Tuseme minamo ya vijiji hutofautiana kwa mkengeuko sanifu wa 5 kuzunguka wastani wa eneo, na kianzio cha kila kijiji tukiache huru. Kijiji kimoja chenye ploti tatu kwenye 0 na tatu kwenye 120 kinabeba varianzi ya 25 ya tofauti ya vijiji na 16.7 ya kelele, jumla 41.7. Vijiji vitatu vyenye ploti moja ya 0 na moja ya 120 kila kimoja vinabeba 25 jumlisha 50, halafu tunagawa kwa tatu: 25. Tukiunganisha na mgawanyo wetu wa awali wa 8, mkengeuko sanifu wa wastani wa eneo ni 5.0 kwa kijiji kimoja na 4.2 kwa vijiji vitatu. Nauli imenunua kitu. Vijiji vikifanana zaidi, tuseme tofauti ya 1 badala ya 5, hesabu hizo mbili zinatoka karibu sawa, na hapo ningekaa kijiji kimoja.

Kwa kuchakata data hizo tumia regresheni yenye ngazi, ambamo mwinamo wa kila kijiji unavutwa kuelekea wastani wa vijiji kwa kadiri data yake ilivyo chache. Hapa hesabu ya mkono haitoshi tena, kwa sababu tofauti ya vijiji nayo ni kigezo kisichojulikana. Programu ya Stan, iliyotolewa mwaka 2012, inaifanya kazi hiyo bila shida, na mtumiaji wa R, lugha ya kompyuta ya takwimu, anaweza kuiita kupitia kifurushi cha brms kwa mstari mmoja wa maelekezo.

Kuna jambo moja lazima ulikubali kabla ya kwenda. Ukiwa na ploti mbili kila kijiji, data haiwezi kutofautisha kijiji chenye mwinamo mkubwa na kijiji ambacho ploti yake ya 120 ilibahatika. Ile 5 itatoka karibu yote kwenye mgawanyo wa awali, si kwenye mavuno, kwa hiyo itafute kwa bidii katika ripoti za misimu iliyopita, na ukihesabu matokeo yako yahesabu pia kwa 2 na kwa 10. Na kwa kuwa kila kijiji kitakuwa na ncha mbili tu, lile swali la mkunjo alilolileta mchangiaji wa pili hutaweza kulijibu msimu huu. Kama unaweza kupata ploti tatu za nyongeza, weka moja ya 60 kila kijiji kabla ya kufikiria kijiji cha nne.